Mbuzi Wawili wa Akika

Nikiwa mdogo kule Wete, mbuzi wetu alikula kofia ya babu, zimebaki siku mbili Idi. Kofia ya viua, bibi kaishona miezi. Babu hakumpiga. Alikaa barazani akimwangalia tu, mpaka yule mbuzi akaacha kutafuna. Mimi sikusoma, ni chuo cha Kurani na darasa la nne basi, lakini macho yale sikuyasahau.

Nikayaona tena huku Birmingham, nimeshazeeka, nimeshaacha kazi ya kusafisha mabehewa ya treni kule Tyseley. Tulikuwa mezani kwa binti yangu, mtaa wa Alum Rock. Ana mimba ya tatu, wawili wa mwanzo wa kike. Mumewe keshaagiza kwa mchinjaji mbuzi wawili wa akika, wa kuchinjwa siku ya saba mtoto akizaliwa. Wawili ni wa mtoto wa kiume. Wa kike, mmoja.

"Mmepima?" nikamuuliza mkwe.

"Hakuna haja, baba. Huyu ni dume."

Mjukuu mkubwa alikuwa na kitabu cha shule, habari za mfalme wa zamani wa hawa Waingereza, mnene, wake sita. Yeye hunijibu Kiingereza. Hapa naandika kwa chetu.

"Mke wa kwanza alibakiwa na mtoto wa kike tu, babu, akaachwa. Wa pili naye kazaa wa kike, akakatwa kichwa."

"Kwa hilo tu?"

"Walimsingizia na mengine. Wa tatu akapata wa kiume, mama mwenyewe akafa siku chache baadaye."

"Na huyo mtoto wa kiume?"

"Alitawala kidogo, akafa bado kijana. Yule wa kike wa mke wa pili ndiye aliyetawala zaidi ya miaka arubaini."

Kwetu mkwe hataniwi. Lakini mdomo wangu hauna breki. "Mkwe wangu, kumbe mfalme huyu ndugu yako!"

Mjukuu akacheka. Mkwe hakucheka. Alimwangalia binti yangu, macho ya babu yale yale, na binti akaweka kijiko chini.

Akazaliwa wa kike, mzima, makelele tele. Siku ya tano baba yake akavaa koti.

"Nakwenda kumwambia mchinjaji apunguze mmoja."

"Rudi na ndimu," binti akamwambia kutoka kitandani.

Nikachungulia dirishani. Alilipita duka la mchinjaji bila kugeuza shingo, akakata kona.

Siku ya saba nyama ikaletwa, ya mbuzi wawili. Jina la mtoto nikatoa mimi. Sasa anatembea. Baba yake hajarudi.