Kuchagua Msumeno wa Kuni Bila Deogratias

Tarehe kumi na moja Juni mwaka huu tulimzika Deogratias nyumbani kwao, upande wa pili wa Lukole, na tangu siku hiyo sina tena mtu wa kunigusa bega kwa fimbo.

Naanza na fimbo kwa sababu vijana wengi wanaiona mikononi mwa wakata kuni na hawajui kazi yake. Anayetumia msumeno wa mnyororo, ambao wengi tunauita chenso, hasikii kitu kingine. Ukimwita hageuki, na ukimsogelea unaweza kukatwa. Kwa hiyo mwenzake husimama nyuma yake, upande wa kushoto, akiwa na fimbo ndefu. Akikugusa bega mara moja, maana yake zima, pumzika. Akikugusa mara mbili upesi, acha kila kitu ukimbie kwa njia mliyofyeka kabla ya kuanza. Fimbo hiyohiyo ina alama ya kisu, nayo ni kipimo cha urefu wa kuni kulingana na mdomo wa jiko la mteja. Deogratias alinigusa bega kwa miaka mingi kuliko niliyoishi na mama yangu mzazi. Ndiyo maana bado nina mikono yote miwili.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa hukohuko Lukole, kambi za wakimbizi zikiwa bado zimejaa watu. Nilifika na cheti cha darasa la saba na shoka la baba. Msimamizi wa Kuni, mtu mrefu asiyependa maneno, aliliangalia lile shoka akaniambia, "Hilo mrudishie mama, akapasulie kuni za jikoni. Wewe utabeba mafuta." Nikabeba mafuta. Nilijifunza kuchanganya petroli na oili kabla ya kumimina, maana injini ya namna hii haina oili yake tumboni, na ukiipa petroli tupu inajikaanga. Nilijifunza kunoa meno ya mnyororo kwa tupa ya duara, kila jino idadi sawa ya misuguo, ili msumeno usivute upande mmoja. Deogratias alikuwa anapanga kuni kwenye malori. Tulikula sahani moja tangu wiki ile. Vilima vilikuwa vinaisha miti huku tunaviangalia, na mimi nilikuwa mmoja wa waliokata. Sina namna nyingine ya kulisema hilo.

Kambi zilipofungwa, sisi wawili tulipata kazi kwenye shamba la miti Biharamulo. Mkubwa wetu huko alikuwa Bwana Misitu, mtu wa miwani na kofia ya soksi hata wakati wa jua. Huyo ndiye aliyenifundisha kukata mkaratusi chini kabisa, kwa mteremko, ili maji yasitulie kwenye kisiki na machipukizi yatoke. Ndiye pia aliyetufundisha kuchagua msumeno.

Alisema watu wa kwetu wana kosa moja. Mtu akipata fedha anakimbilia msumeno wa wapasua mbao, wenye injini kubwa na upanga mrefu. Upanga ni kile chuma bapa ambacho mnyororo unakizunguka. Mpasua mbao anaulaza msumeno juu ya gogo, gogo ndilo linaubeba. Mkata kuni anaunyanyua na kuushusha kutwa nzima, tawi hili, gogo lile, na upanga mrefu unachokonoa udongo, na udongo unamaliza meno kwa dakika chache. Mkata kuni anahitaji injini ya kati, upanga mfupi, breki ya mnyororo inayoshika, na duka la karibu lenye plagi na minyororo yake. Basi.

"Na uzito wake?" nilimuuliza.

"Usiuulize uzito. Ushike kiunoni, kama unakata, halafu mwache muuzaji aongee. Mikono ikitetemeka kabla hajamaliza kuusifia, mrudishie."

Deogratias akauliza kama muuzaji ni mtu wa maneno machache itakuwaje.

"Sijamwona bado," akasema Bwana Misitu, na akaendelea kuandika.

Kituo chetu cha mwisho kilikuwa shule ya bweni, si mbali na Runazi. Huko tulijitegemea, tukiuzia jiko la shule kuni kutoka kwenye mashamba ya miti ya watu. Mkubwa wetu, kama ni mkubwa, alikuwa Bwana Stoo, ambaye hupokea kuni kwa kuzigonga moja kwa nyingine na kusikiliza kama zimekauka. Adelina, binti wa Deogratias, alipoachika na kurudi kwa baba yake na watoto wawili, aliungana nasi. Alianza kwa kupanga, kisha nikamfundisha kunoa, kisha kukata. Anakata vizuri kuliko nilivyokata mimi umri ule.

Deogratias alipoanza kuumwa, msumeno wetu wa zamani ukafa nao. Fundi aliufungua akatuonyesha silinda ilivyopasuka, akaufunga bila kudai kitu. Baada ya mazishi Bwana Stoo alitupa pole, kisha akasema kwa upole kwamba wanafunzi wanakula kila siku, na kuna watu wenye lori wanaoitaka kazi hiyo. Atatungoja mpaka shule ifunguliwe. Ukoo ukakaa, ukakubali ng'ombe wa marehemu auzwe, Adelina anunue mashine. Ng'ombe alikuwa mmoja. Tukikosea msumeno, hakuna wa pili, na hao watoto wawili wanaitegemea kazi hiyo.

Tulianua matanga, na asubuhi iliyofuata tukapanda bodaboda mbili kwenda Ngara mjini. Tulipita Lukole. Vilima vimejaa miti tena, mingine imepandwa, mingine imeota yenyewe. Tulipofika stendi, Adelina alisema ile miti ya njiani ni mizuri, inaonekana ya zamani sana. Nilimwambia si ya zamani. Yeye mwenyewe ana umri mkubwa kuliko mingi ya ile.

Muuzaji alitupokea kwa shikamoo yenye sauti kubwa. Nikamwitikia marahaba. Alitoa kwanza kidude chepesi cha bei ndogo, nikakikataa kwa kuwa plagi yake hakuna aliyekuwa nayo, hata yeye. Ndipo akatoa jitu jekundu lenye upanga mrefu, lililokuwa la mpasua mbao fulani.

"Mzee wangu, hii ni mashine ya wanaume," akasema, akanikabidhi.

Niliishika kiunoni kwa mazoea. Yeye akaanza kusifia, nami nikatulia kusikiliza mikono yangu. Hajafika mbali, Adelina akanisogelea.

"Baba mdogo, nipe mimi. Ni mimi nitakayeushika."

Wengine huagwa kwa soda na hotuba. Mimi nilistaafu pale dukani, kwa maneno hayo, na nilishangaa kwamba hayakuniuma. Nilimpa.

Muuzaji alimwangalia, akacheka. "Dada, huo utakuangusha."

"Endelea kuusifia, kaka. Bado sijachoka."

Akaendelea. Akasifia injini, akasifia rangi, akamsifia mwenye nao wa kwanza, akafika mpaka kwenye mbao za kanisa fulani zilizopasuliwa na msumeno huo. Mikono ya Adelina haikutikisika. Miaka ya kubeba magogo ilikuwa ndani ya mikono ile. Muuzaji alipoishiwa maneno aligeukia kwangu. "Mzee, umeona? Huyu ameshinda. Niufunge?"

Niliogopa. Kwa kipimo cha Bwana Misitu, msumeno ulikuwa wake. Nilitaka kusema kitu, lakini niliyempa ni yeye, nikamwachia aamue.

Adelina aliuweka chini taratibu. "Sasa hivi nimetoka kunywa chai," akasema. "Saa tisa mchana mikono hii haitakuwa hii. Nipe ule wa kati, wenye upanga mfupi."

Bwana Misitu hakutufundisha hilo. Nadhani angelipenda. Muuzaji alicheka tena, safari hii kwa heshima, akauliza kama ausifie na huu. Adelina akamwambia apumzike. Tuliwasha, tukajaribu breki ya mnyororo, ikashika. Tukanunua pamoja na tupa mpya na minyororo miwili ya akiba.

Vijana huniuliza kama ninakumbuka kazi. Nakumbuka harufu ya mkaratusi mbichi, na ule ukimya masikioni baada ya kuzima. Ninamkumbuka mtu mmoja zaidi ya hivyo vyote. Lakini silali nikiwaza kwamba kazi imekufa naye.

Tulianza kwenye shamba la jirani huko Runazi, kwenye miti iliyokwishaangushwa na kukauka. Lori la shule lilikuja kabla shule haijafunguliwa. Bwana Stoo akachukua kuni mbili, akazigonga, akasikiliza, akasema gari litarudi wiki ijayo. Lilipoondoka, Adelina aliwasha msumeno tena, kuanza mlundo wa pili.

Nilichukua fimbo ya baba yake, nikasimama nyuma, upande wa kushoto. Nilikuwa sijawahi kusimama pale. Ni mahali pazuri, unaona kila kitu. Alikata bila kuinua kichwa mpaka kivuli kikawa kirefu, na nikaona ncha ya upanga imeanza kushuka karibu na udongo. Yeye hakuwa ameona. Nikanyoosha fimbo, nikamgusa bega mara moja.

Akazima.