Tulishamlilia Tereza

Mke wangu Tereza alizaliwa Kiriba, akaolewa na mimi hapahapa Kiriba. Alikuwaga mrefu, mcheshi, mkono mwepesi kwenye kinu. Tukivuna mihogo, yeye ndiye alipeleka unga kisiwani Rukuba, akarudi na samaki wakavu.

Mwaka ule, Mwingereza anatawala, vita ya Hitila haijaja, mtumbwi wa Tereza ulizama. Wenzake tuliwaokota wamekufa. Yeye hakuonekana. Kwetu mtu asiyeonekana haachwi hivihivi, atazurura. Tukauvika mgomba kanga yake, tukauzika badala yake. Watu wakalia, matanga yakaisha.

Wakati wa palizi, mchana kweupe, nikamwona anapanda njia ya ziwani. Amekonda, midomo imepasuka.

"Mbona mnanitazama hivyo? Hata karibu hamna?"

Akasema wavuvi wa Ukerewe walimwopoa, homa ikamlaza kwao. Mama yangu akanivuta pembeni.

"Mwanangu, mzimu unajua kueleza. Mpe chumvi. Mzimu hauli chumvi."

Mama akamwekea samaki, chumvi nyingi. Tereza akatia mdomoni, akaruka, akatema.

"Umeona?" mama akasema.

Mimi niliona midomo inatoka damu. Nikamwambia Tereza aingie ndani. Siku za kwanza nililala jicho moja wazi, nasikiliza kama anapumua. Alipumua.

Tukaishi. Lakini hakuna jirani aliyekuja tena kuomba moto jikoni kwetu. Ziwani wanawake walimpisha achote kwanza, na si kwa heshima. Siku moja jirani yetu Boke aliniuliza, Tereza mwenyewe amesimama pale:

"Shemeji, hivi huyu ana kivuli kweli?"

"Ninacho, mama," Tereza akajibu. "Njoo ukae, jua kali."

Boke alicheka sana. Ila alipoondoka alikizunguka kivuli kile, asikikanyage.

Watoto hatukupata. Hilo nalo wakalitia kwenye maneno yao.

Masika ya juzi kifua kilimkamata, akafa mikononi mwangu. Nikatuma habari. Katekista alisemekana kasafiri Bunda. Mzee Wanzagi, mkubwa wa ukoo wetu, alikuja, akakataa kigoda.

"Huyu tulishamlilia," akasema. "Tukilia tena, kilio kitatafuta mwingine."

"Baba, nani alikuwa ananipikia miaka yote hii?"

"Wewe ndiye unajua ulikuwa unalala na nini. Kuzika, zika. Kilio hapana."

Kwetu maiti isiyoliliwa ni mzoga tu. Na kilio huanzwa na wanawake. Mwanaume akikianza ni mwiko. Wanawake walikuja, wakasimama nje ya ua, midomo imefungwa, wanaangalia mikono yangu ikichimba. Ndugu yangu Magesa tu ndiye alinisaidia kumshusha.

Nikaweka jembe chini. Nikapiga kilio chenyewe, kile cha kike.

Magesa akarudi nyuma. Kisha Boke akaitikia kule nje ya ua, na mwingine, na mwingine, mpaka wote. Mzee Wanzagi akatema mate, akashika njia yake.

Sikumuuliza Boke kama alimlilia Tereza au alikuwa ananiogopa mimi niliyevunja mwiko. Alililiwa machozi, basi.