Mbuzi Niliyemwahidi Kamachozi

Mbuzi mmoja, cheo changu cha usemaji, na salamu za mpwa wangu Mwenda. Hiyo ndiyo bei niliyolipa kwa siku ile ya Kibugu, nimeihesabu mara mbili na haipungui, na ingawa naona aibu kuisimulia, afadhali mnisikie mimi kabla hamjaisikia kwa akina mama wa soko.

Mwenda alitaka kumwoa Wanja, msichana wa Embu, na ukoo ukanichagua mimi niwe msemaji wetu kwenye mahari kwa sababu nauza viatu vya mitumba hapa Makutano na hakuna aliyewahi kunilipisha bei nisiyoitaka (marehemu mama alikuwa akisema nilipozaliwa nilimwuliza mkunga kama hiyo ndiyo bei ya mwisho). Tukapanda hadi Kibugu, tukaketishwa, tukapewa uji, na kabla sijaumeza nikamwona baba ya msichana nikasahau kilichonileta.

Alikuwa Kamachozi! Yule mtoto wa kile kipindi cha vichekesho cha Jumapili jioni, tuliyemtazama kwa jirani kwenye televisheni ya betri ya gari, ambaye dada yake alikuwa akimnyang'anya chapati naye analia, na kabla ya kulia anakwama kwanza, kwikwi, kwikwi, halafu ndiyo sauti inafunguka kama mlango mbovu. Mama yangu hakuwa mtu wa kucheka, shamba na ujane vilikuwa vimemmaliza, lakini Kamachozi akilia, mama alijishika mbavu. Na yule dada wa chapati naye alikuwa pale pale, sasa ni shangazi ya Wanja, mama mzito mwenye kitambaa cha kanisa kichwani.

Nilijikaza nikafanya kazi. Nikawashusha polepole mpaka tukabaki tunatofautiana mbuzi mmoja tu. Mtu mwenye akili angemkubali huyo mbuzi tukaenda kula. Mimi nikasema, mbele ya wazee wote:

"Baba Wanja, huyo mmoja nitamwongeza, lakini na wewe utuongeze kitu. Utulilie kidogo, kama Kamachozi."

Wazee wetu wakatazama viatu vyao. Mwenda akaninong'oneza, "Mjomba, wachana na hiyo maneno."

Baba Wanja akatabasamu, tabasamu la mtu aliyechoka kuombwa kitu kimoja maisha yake yote, akasema, "Tuendelee na kazi, msemaji." Nami nikaona biashara bado iko wazi, maana kwetu sokoni mteja ambaye hajakataa hajaondoka.

Wanja akaitwa, akaulizwa kama watu wake wavipokee vitu vya hawa wageni. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba wavipokee. Baba yake akasimama ambariki. Akafungua mdomo, akakwama. Kwikwi. Kwikwi. Kisha mlango ukafunguka.

Ilikuwa sauti ile ile. Nilimsikia mama yangu akicheka, nami nikacheka, nikapiga makofi, nikasimama nikapaza sauti: "Mbuzi wako huyo! Umempata!"

Ndipo nikagundua nacheka peke yangu. Baba Wanja alikuwa amejifunika uso kwa kofia, Wanja amemkumbatia, mabega yao wote wawili yanatikisika. Mama yake Wanja (niliambiwa baadaye, ingawa msemaji wa maana angeuliza mapema) alizikwa Wanja akiwa bado shule ya msingi, na tangu hapo nyumba ile ilikuwa ya watu wawili. Sasa ilikuwa inabaki na mmoja.

Shangazi akaja mpaka mbele yangu. Hakupaza sauti.

"Msemaji, unajua walikuwa wanamfanyia nini ndio alie kwa hiyo kipindi?"

"Sijui, mama."

"Huyu hakujua kuigiza. Mimi ndiye nilijua. Yeye walikuwa wanamwambia mama ameenda, amemwacha hapo, harudi. Kila wakati walimwambia hivyo, na kila wakati aliamini. Haya, cheka tumalize."

Kikao kikavunjika. Wazee wao wakaenda kando kwenye migomba, wakarudi na neno: Mwenda hana kosa, lakini msemaji wake atalipa faini ya mbuzi, amlete mwenyewe, aingie peke yake na azungumze na Baba Wanja. Mpaka hapo, siku ya harusi haitatajwa. Njiani wazee wetu wakanivua usemaji, na tangu tuteremke, Mwenda akinikuta dukani anasalimia viatu.

Mbuzi nimemnunua, wala sikubishana bei (muuzaji alidhani naumwa). Amefungwa nyuma ya kibanda, anakula maboksi. Kilichonikwamisha ni maneno. Maisha yangu yote nimejua maneno ya kushusha kitu, na hili halitaki kushushwa. Nikimwambia kilio chake ndicho kilichomchekesha mama yangu, ni kweli tupu, lakini si itakuwa kumweleza mwenye mali jinsi tulivyoila na ikatushibisha? Na nikinyamaza, nitakuwa nimempelekea nyama tu. Ninyi mliowahi kuomba msamaha mkaupata, nisaidieni: mtu huanza na neno gani? Jumamosi napanda Kibugu, na maboksi yanaisha.