Sindano Iliyosimama

Nyumba nzima ilimwita Fundi, hata mumewe, hata mama mkwe. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele kwa cherehani ya kukanyaga, na mlio wa cherehani ile ndio uliowapangia watu siku yao. Ukilia, kila mtu aliendelea na lake. Ukinyamaza, mlango ulifunguliwa.

"Umemaliza, wifi?" Dada wa mumewe husimama hapo na mtoto mkononi. "Nishikie huyu, naoga mara moja."

Au mama mkwe, kutoka upande wa pili wa ukuta: "Fundi! Mbona kimya? Kama huna kazi njoo unikande magoti."

Hawakuwa watu wabaya. Walizoea tu kwamba mikono isiyoshona ni mikono ya kuazima.

Muuguzi wa zahanati alimpima presha, akarudia, akavua miwani. "Dada, kila siku mchana tafuta nusu saa usifanye chochote. Ukae tu. Usipoitafuta wewe, mimi nitakutafutia kitanda hapa."

Siku ya kwanza alikaa dakika tatu. Siku ya pili aliletewa mchele auchambue, maadamu amekaa. Siku ya tatu alisema waziwazi kwamba ameambiwa apumzike, na mama mkwe akacheka hadi akakohoa.

"Upumzike mara ngapi, mwanangu? Si unashinda kwenye kiti kutwa!"

Siku ya nne alilegeza skrubu ya gurudumu la mkono, lile la ubavuni mwa cherehani. Mafundi huilegeza wanapojaza uzi kwenye bobini: gurudumu huzunguka, sindano haichezi. Ila yeye hakuweka bobini wala uzi. Aliegemea ukuta, akafumba macho, akakanyaga taratibu. Mlio ukatoka vilevile. Sindano imesimama juu ya kitambaa, mguu mmoja unaongea na nyumba kwa niaba yake, na kifuani mwake kimya kikashuka kama maji yanayotulia mtungini.

Hakuna aliyefungua mlango.

Alifanya hivyo kila siku saa nane. Baada ya miezi miwili presha ilishuka, lakini mguu wa kulia ulikuwa umevimba. Siku hiyo mumewe alikuwa amemsindikiza zahanati. Muuguzi aliubonyeza mguu, shimo la kidole likabaki.

"Huu umefanya nini?"

Hapo angeweza kusema. Lakini angesemaje, mbele ya mume, kwamba kila siku nusu saa anamdanganya mama yake? Akasema lililokuwa karibu na ulimi.

"Ni pedali, sista. Inanichosha."

Njia nzima mumewe aliutazama mguu ule. Mwisho wa mwezi aliingia na cherehani ya umeme, jasho linamtiririka, anatabasamu kama bwana harusi. Ile ya zamani alikuwa ameshaiuza.

"Mguu wako umestaafu, Fundi. Gusa tu hapa."

Aligusa. Cherehani ilinong'ona, pindo likaisha kabla hajavuta pumzi. Sauti yake haikufika hata mlangoni.

"Umeipenda?"

"Nimeipenda," alisema, akainamia kitambaa.

Kesho yake mama mkwe aliingia mara tano. "Upo?" "Nipo, mama." Mara ya sita aliingia na kiti chake.

"Nitakaa humu humu. Nimezoea mlio wako, mwanangu. Usiposikika nadhani umekufa." Akaketi, akanyoosha magoti. "Na kwa kuwa siku hizi huchoki..."

Mumewe naye, kwa furaha yake, alikwenda kuahidi sare za shule ya pili.

Walirudi zahanati mvua zilipokwisha. Muuguzi alipima, akarudia. Presha ilikuwa imepanda kupita ile ya mwanzo.

"Unapumzika kweli, dada?"

"Siku hizi anapumzika sana, sista," mumewe akajibu. "Hakanyagi tena. Tumemnunulia ya umeme."

Muuguzi akamtazama Fundi, akingoja. Fundi akatazama sakafu. Nje, foleni ilikuwa ndefu. Muuguzi akaandika kwenye kadi: *anapumzika*. Akaongeza kidonge cha pili.

Chini ya benchi mguu wa kulia ulikuwa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka. Mumewe akauwekea mkono gotini, kwa upole.

"Tulia, Fundi," alisema. "Huna kazi sasa hivi."