Dola Zangu Zililia Ndani ya Koti

Mimi nauza vipuri Kasulu tangu soko likiwa mabanda ya nyasi, na hakuna kitu cha kunishangaza. Ile mashine kuukuu ya kuchimba bitcoini, zile pesa za mtandaoni, niliyonunua Manyovu ilinilia umeme tu. Nikaitupa stoo, na Hamisi wa duka la jirani akanicheka mpaka akachoka.

Juzi narudi kutoka Kibondo, nasikia stoo inanguruma. Mashine imeamka! Imefungwa kwenye sanduku la mbao, juu yake kuna kikompyuta kidogo kama kitambulisho, na kioo kinaandika 37.5. Nikajua binti yangu Zawadi, fundi wa kompyuta, ameifufua. Dola thelathini na saba na nusu! Sikuuliza mtu. Nikavaa koti la suti, nikamwita Hamisi aje aone, nikachomoa waya ili nibebe sanduku hadi sebuleni.

"Baba Zawadi, rudisha waya!" mke wangu akapiga kelele. "Mayai yangu yatapoa!"

Nikafunua. Kumbe kuku wake wa mwisho, wa mbegu aliyoachiwa na marehemu mama yake, alikufa akiatamia nikiwa safarini. Zawadi akaona mashine yangu inajua kutoa joto, akaigeuza ya kutotolea vifaranga. Kikompyuta kilikuwa kinapima joto, si dola.

Nikavua koti, nikayafunika mayai, nikayakumbatia huku Zawadi akiunganisha waya. Ndani ya koti kitu kikalia pii.

"Tajiri," Hamisi akasema, "dola yako inataka chenga za mahindi."

Mke wangu akacheka huku akifuta machozi. Koti lilikuwa limeshalowa ute wa kifaranga. Dobi alinitoza shilingi elfu sita na mia tano.