Jeti Yenye Mabawa ya Kukunja

Dada yangu mkubwa alifia ng'ambo, katika mji wa bandari alikokuwa akitunza wazee wasiojiweza. Familia ilipokaa nyumbani Funyula kuzungumzia mazishi, iliamuliwa niende mimi kumleta, kwa kuwa katika nyumba yetu ni mimi peke yangu niliyekuwa na pasipoti. Kazi yangu ni kuandika maandishi kwenye malori pale mpakani Malaba, majina ya kampuni milangoni na maneno ya madereva nyuma, na mara kwa mara huitwa kumalizia kazi ng'ambo ya mpaka. Kanisa alikosali dada lilinisaidia kupata viza. Nikaenda.

Nilipofika niliambiwa karatasi za kusafirisha mwili hazijakamilika, nisubiri. Nikasubiri katika nyumba yake, chumba kimoja na jiko. Viatu vyake vya kazini vilikuwa mlangoni, vyeupe, vimeoshwa. Nilikuwa nimejiandaa kulia nikishaingia mle. Nikaingia, nikavua viatu vyangu, nikaviweka kando ya vyake, nikachemsha chai. Machozi hayakuja. Nikanywa chai yote.

Dirisha la jiko lilitazama uwanja wa makumbusho ya ndege. Karibu kabisa na ua kulikuwa na jeti ya zamani ya jeshi la majini, rangi ya majivu, mabawa yake yamekunjwa juu kama mtu aliyeambiwa ainue mikono. Siku ya kwanza niliitazama kutoka dirishani. Siku iliyofuata nilivuka barabara nikakata tiketi, nikaenda kusimama mbele yake. Sikuwa na haja yoyote na ndege. Ilikuwa tu kitu kikubwa ambacho hakikuniuliza swali.

Nikawa naenda kila siku. Mzee mmoja aliyejitolea kuwaonyesha wageni, ambaye ujana wake wote aliutumia katika kazi ya ufundi melini, alinizoea. Asubuhi moja ya mvua, tukiwa wawili tu, aliniuliza ninachokitafuta kwenye hiyo ndege.

"Sijui," nikamwambia. "Nasubiri mwili wa dada yangu."

Hakunipa pole. Alitazama chini kidogo, kisha akafungua kamba iliyozuia wageni. "Pita," akasema. "Lakini usipande juu."

Nilikuwa na utepe wa kupimia mfukoni, ule wa kazini, ambao husafiri nami popote. Nikaanza kupima. Mzee alinishikia ncha ya pili. Tukapima mwili kutoka puani hadi mkiani, upana wa bawa, kimo cha magurudumu, mahali bawa linapojikunjia. Akanieleza kwamba manowari inayobeba ndege ni nyembamba na ndege ni nyingi, kwa hiyo zikishatua hukunja mabawa ili zitoshe. Chini ya mkia kulikuwa na ndoano nene. Ndiyo inayonasa waya wa kusimamishia ndege kwenye sitaha, akasema, la sivyo ndege inaishia baharini. Nilipiga picha kila upande. Nilipiga hata misumari ya ribiti.

Karatasi zikakamilika. Nikamleta dada nyumbani, tukamzika. Watu walikuwa wengi, turubai zilijaa, kwaya iliimba vizuri. Nilishika jeneza upande wa mbele kulia. Shangazi alinitazama usoni kwa muda mrefu, kisha akatazama pembeni.

Nikarudi Busia, kwenye nyumba yangu ya kupanga, na Malaba nikaendelea na kazi. Herufi zangu zilinyooka kama kawaida. Nilikula, nililala, nilinyoa ndevu. Watu waliponiambia "pole sana, boss," niliwajibu "asante" kama mtu aliyepokea chenji.

Jumapili moja, baada ya misa, nilitandaza picha za ile jeti mezani. Nikaamua kila mita ya ndege iwe sentimita tano mezani. Nikachora, kisha nikakata. Nilitumia ule ubao mwepesi wa plastiki ninaokatia herufi za mabango. Nilipanga vipande vya duara kimoja nyuma ya kingine kama mbavu, nikavivisha ngozi ya ubao mwembamba, nikaziba nyufa kwa filla ya kunyooshea magari, nikasugua na msasa mpaka mkono ukafa ganzi. Ndoano niliikunja kutoka kwenye spoku ya baiskeli. Kioo cha rubani nilikitengeneza kwa chupa ya soda: nilichonga umbo lake kwa kipande cha mbao, nikalitia ndani ya chupa niliyoikata kitako, nikaipashia moto jikoni mpaka plastiki ikanywea na kulishika umbo. Nilichoma chupa kadhaa kabla moja haijakubali.

Siwezi kusema nilifurahi. Nilipokuwa nasugua, nilikuwa nasugua tu. Hiyo ilinitosha.

Mama alikuja kukaa nami kwa sababu ya kliniki ya presha. Mama ni fundi wa nguo. Ameshona sare za shule huko kwetu Samia tangu sijazaliwa. Aliingia, akaweka mkoba, akaiona jeti mezani bila mabawa.

"Hii ni nini?"

"Ndege, Mama."

"Dada yako hata kaburi halijakauka, wewe unacheza na toy?"

Alisogeza vipande upande mmoja wa meza, akaweka sahani, tukala. Kwa siku kadhaa hakuitaja tena. Lakini niliona kila nikirudi kutoka Malaba vumbi la msasa limefagiliwa na vipande vimepangwa vizuri, vikubwa na vikubwa, vidogo na vidogo.

Kilichonishinda ni bawa. Nilitaka likunjike kweli. Bawaba ndogo za chuma nilizojaribu zilikuwa nzito, zikang'oa ubao. Mama alikuwa amekaa mkabala nami akichambua mboga. Akanitazama nikiharibu bawa la pili, akafuta mikono kwenye leso.

"Lete hapa. Hii kitu inafaa kukunjika kama kola. Chuma ya nini?"

Akatoa kwenye mkoba kipande cha ile kanvasi ngumu inayowekwa ndani ya kola za mashati. Akakata utepe, akanionyesha niugandishe nusu kwenye kipande cha ndani cha bawa, nusu kwenye cha nje. Tulishika kila mmoja upande wake tukingoja gundi ishike. Hatukuweza kuachilia, kwa hiyo tulikaa hivyo, uso kwa uso.

"Hii ndege uliionea wapi?" akauliza.

"Kwake. Ilikuwa inaonekana kutoka jikoni kwake."

"Yeye alikuwa anaiona?"

"Kila siku, Mama. Akiosha vyombo."

Kisha akauliza lile swali ambalo tangu mazishi hakuna aliyeliuliza mbele yangu. "Ni nani alikuwa na yeye?"

"Hakukuwa na mtu. Alianguka hapo jikoni. Mwenzake wa kazi alikuja kumwangalia kwa sababu hakufika kazini."

"Alikuwa amevaa nini?"

Hilo sikulitarajia. Nilikumbuka yale niliyoambiwa na huyo mwenzake. "Sketi ya bluu. Sweta. Na soksi nzito, kwa sababu huko kuna baridi."

"Soksi," Mama akasema. Akavuta pumzi. "Basi miguu haikupata baridi."

Aliendelea kulishika bawa. Machozi yalimshuka mashavuni na hakuyafuta, kwa sababu angeachilia. Mimi nilitazama vidole vyake, kucha zilizokatwa fupi, alama za sindano. Nilihisi kitu kifuani, kizito, kama mtu ameegemea mlango kwa nje. Hakikuingia. Lakini kilikuwepo, na kabla ya hapo hakukuwa na kitu.

Gundi iliposhika, Mama alilikunja bawa, akalikunjua. "Umeona?" akasema.

Siku zilizobaki alinishona kwa maswali wakati nikipaka rangi. Majirani wa dada walikuwa watu gani? Alikuwa na sufuria ngapi? Kanisani alikuwa anakaa wapi? Nilimjibu yote niliyoyajua. Mengine sikuyajua, nikamwambia sijui. Nikapaka majivu, kisha namba nyeusi ubavuni, kwa brashi ile ile ya milango ya malori. Mama alikwenda kliniki, presha ikawa imeshuka kidogo. Alipokuwa anafunga mkoba wake kurudi Funyula alisema ataondoka na ndege. Hakuomba. Tuliifunga kwa gazeti na shuka.

Desemba nilipokwenda nyumbani niliikuta juu ya kabati, juu ya kitambaa alichokidarizi, mabawa yamekunjwa ili yasizidi upana wa kabati. Jirani yetu, mama mmoja kutoka upande wa Sigalame aliyeolewa kijijini kwetu, alikuwa amekuja kutusalimia. Akauliza hiyo ni nini.

"Hiyo ndiyo ilimleta msichana wangu nyumbani," Mama akamwambia.

Jirani akaitazama kwa heshima. Nilikunywa chai yangu. Alipoondoka nilimfuata Mama jikoni.

"Mama, ile ni ya vita. Ina kiti kimoja tu. Dada alikuja na ndege ya abiria."

"Najua, baba." Huniita baba kwa sababu nimerithi jina la babu, baba yake. "Si uliniambia mwenyewe? Lakini nikisema ni ya vita, wataniuliza vita gani. Nimechoka kuulizwa."

Akanipa sinia la ugali nipeleke mezani. Nikalipeleka. Tulikula samaki, tukasikiliza habari redioni, Mama akalalamikia bei ya uzi. Keshokutwa yake nilikuwa Malaba, kwenye lori la mizigo ya saruji, nikipima mlango kabla ya kuchora mstari wa kwanza. Dereva alitaka herufi nyekundu zenye kivuli cheusi. Nikamwambia zitakauka kufikia jioni.