Diski Niliyoifunga Kiunoni

Baba mudogo hakunipenda, nami sikumpenda, na kwa muda wote tuliofanya kazi pamoja hakuna aliyejaribu kumdanganya mwenzake juu ya jambo hilo.

Studio ya picha pale Beu, mtaa wa mji wa Beni, ilikuwa ya baba yangu. Baba aliuawa barabarani tulipokuwa tunakimbia vita, na mama akafa kwa ugonjwa huko Kasugho, nyumbani kwa dada yake. Mdogo wake baba akachukua ufunguo wa studio. Mimi ni mkubwa wa watoto wanne. Niliacha shule katikati ya mwaka wa tatu wa sekondari, nikawapangia wadogo zangu chumba Butembo karibu na shule yao, kisha nikarudi Beni kumwomba baba mudogo kazi. Alinipa ufagio. Kompyuta alinipa baadaye, kwa sababu wafanyakazi wake hawakudumu.

Picha ya mama hatukuwa nayo hata moja. Siku ile ya kukimbia, mama aligawa mizigo kama wanawake wa kwetu wanavyofanya: chumvi kwa mtoto huyu, sufuria kwa yule, unga kwa mwingine, ili anayepotea njiani asipotee na chakula cha wote. Baba hakutaka mambo hayo. Picha na makaratasi yote aliyatia katika mfuko mmoja, akaubeba mwenyewe, na mfuko ulikwenda naye. Mdogo wetu wa mwisho, anayeniita yaya kwa kuwa mimi ni dada mkubwa, aliniuliza mara nyingi, "Yaya, mama alifanana na nani?" Nikimwambia, "Alifanana na wewe," anakwenda kujitazama katika kioo cha pikipiki ya jirani, anarudi amenuna.

Mahali pekee mama alipobaki ni ndani ya kompyuta ya studio. Zamani baba alipitisha filamu zake kwenye mashine, zikawekwa katika folda iliyoitwa Zamani. Kila nilipoomba picha moja tu, baba mudogo alisema kuna kazi. Nilijua sababu. Picha nyingi za folda ile zilipigwa mbele ya pazia alilolichora baba, ambalo yeye alilishusha akatundika la kwake, wala hakutaka mtu alione tena.

Tulikuwa na mashine tatu. Laptopu ya Windows kwa ajili ya picha, pamoja na folda ya Zamani, kompyuta kubwa ya Linux kwa mialiko, na Mac ya video za arusi. Siku moja umeme wa jenereta uliruka, arusi ya watu ikapotea. Familia ya bibi arusi ilikuja ikaketi studio toka asubuhi, ikakataa kuondoka. Baada ya aibu hiyo baba mudogo alinunua diski ya nje, na fundi mmoja wa Butembo akatupa ufunguo wa USB, yaani flashi, wenye programu za kuhifadhi nakala, akasema tukikwama tumpigie.

Baba mudogo alianza kwa kunakili kila kitu cha laptopu kwa mkono, akaona amemaliza. Mimi nilichomeka diski kwenye Linux nione kama itasomeka. Nikafungua Zamani. Picha zikajipanga ndogondogo, safu baada ya safu, na katikati nikamwona mama amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Kabla sijaigusa niikuze, baba mudogo akaingia, akang'oa waya. Akaichomeka diski kwenye laptopu, na folda ile akaifuta kwenye diski mbele yangu.

Programu ya Linux iliingia kwa shida, maana ilitaka vipande vyake kutoka intaneti, na mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka. Mac yenyewe ilikuwa na programu yake tayari, ila iliuliza kama tunakubali diski yote ifutwe.

"Bonyeza oui, ukubali," baba mudogo alisema.

Nilikataa. Aliuliza mbele ya wateja nani alinipa diplome ya kukataa. Nikamwacha aseme, nikampigia fundi. Fundi akasema tuanze upya, tugawe diski, kila mashine ipate sehemu yake. Tukafanya hivyo. Ilipofika Windows, programu iliuliza folda za kuhifadhi, na baba mudogo alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu.

"Ile ya Zamani, utoe alama. Inajaza diski bure."

Nikamwambia nafasi ipo.

"Bale bafu batakuya kuchukua picha zabo lini?"

Wateja walicheka, eti wafu waje kuchukua picha zao. Alishika mausi akatoa alama mwenyewe. Toka siku hiyo kila Jumamosi nilichomeka diski kwenye mashine moja moja, na kila Jumamosi mama alibaki nje.

Kisha risasi zikaanza kusikika ukingoni mwa mji. Baba mudogo alitia laptopu, Mac na kamera katika mfuko mmoja, kama kaka yake. Kompyuta kubwa ilikuwa nzito, akaiacha. Pickup ya kwenda Butembo ilikuwa inanguruma barabarani imejaa watu.

"Leta diski," baba mudogo aliniambia.

"Diski hapana kwenda pamoja na mashine."

"Weye njo patron sasa?" akauliza, kama kwamba mimi ndiye bosi.

"Iko kiunoni, chini ya kitenge. Uje uifungue hapa mbele ya batu, baba mudogo."

Hakuna mwanamume wa kwetu anayegusa kitenge cha binti wa kaka yake. Alinitukana kwa Kinande, akapanda. Mimi nilipanda pikipiki, nikatangulia.

Pickup ilisimamishwa njiani na watu wenye silaha. Abiria waliachwa wazima, mifuko ilibaki kwa watu hao. Studio nayo ilivunjwa, kompyuta kubwa ikabebwa.

Butembo fundi alituazima mashine. Arusi zilirudi, mialiko ikarudi, picha za wateja zikarudi. Baba mudogo aliwaambia wote kwamba alijipanga mapema. Mimi aliniambia nilikuwa nangojea apoteze. Nikamjibu kwamba angepoteza kweli kama ningemsikiliza. Nilipotaja Zamani alisema imekwenda na mfuko, niache sasa.

Sikuacha. Nilifungua sehemu ya Linux, ambayo programu iliichukua nzima, hata folda zilizofichwa. Katika mojawapo mashine ilikuwa imejiwekea vipicha vya folda zote ilizowahi kufungua, hata Zamani ya siku ile nilipochomeka diski. Mama alikuwa humo, saizi ya stempu, mtoto mgongoni. Nikajaribu kumkuza, uso ukavunjika miraba miraba. Nikamwacha alivyo. Nikapanga nakala nne zake katika karatasi moja, kama tunavyopanga picha za kadi.

"Karatasi ile ni ya kazi," baba mudogo alisema.

"Unizuie basi."

Alisimama hapo mpaka mashine ikamaliza kutoa. Kisha akaniambia nikate vizuri, nisiharibu ukingo, akatoka nje.

Mdogo wetu wa mwisho alishika ya kwake akaitazama muda mrefu. Akauliza mtoto wa mgongoni ni nani. Nilipomwambia ni yeye, alitafuta tena kioo cha pikipiki, safari hii na picha mkononi.

Ya dada yetu aliyeolewa baadaye iko Mutwanga. Kaka yetu aliipeleka yake Kasugho kwa mama mukubwa, dada wa mama, anakokaa sasa. Mbili, yangu na ya mdogo wetu wa mwisho, ziko Butembo, katika nyumba tofauti. Tunapokutana kwa sikukuu, kila mmoja anakuja na yake, na wakati wa kuagana nahakikisha, kama mama alivyogawa mizigo, hakuna aliyebeba ya mwenzake.